Kumi na Nane Yangu, Ishirini na Tano ya Baba

...na hapo ndipo ninapokwama kila mara, gari moja, barabara moja, abiria yule yule, Jumanne akiendesha baba tunapata kilomita ishirini na tano kwa lita, Jumamosi nikiendesha mimi tunapata kumi na nane, miezi saba sasa, na nimeshasingizia kila kitu, upepo wa matairi, kiyoyozi, begi langu la madaftari ya wanafunzi, hata upepo unaotushukia kutoka vilimani, kila Jumamosi nikabadilisha kitu kimoja tu kama ninavyowafundisha darasani, mwalimu mzima wa fizikia, na kila Jumamosi ikarudi kumi na nane ile ile, na sasa shule zimefungwa nimekuja na baba na mama Jumanne ili nione kwa macho yangu anachokifanya mzee huyu, nimesimama kando ya pampu namba mbili, mhudumu ameshika mpira wa mafuta na kuniuliza kama kawaida, mpaka mlio wa kwanza tu, dada? nami nimeitikia kwa kichwa, maana hiyo ndiyo sheria ya nyumbani kwetu, hatujazi mafuta kituo kingine wala pampu nyingine, na mpira ukilia mara ya kwanza kwamba tangi limejaa hapo hapo mkono unatoka, kwa sababu baba alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo miaka thelathini na moja, na pampu hii aliwahi kuikagua mwenyewe akaikuta haidanganyi, pampu ya kizee, inatoa mafuta kama mtu anayekunywa uji wa moto, lita mbili, mbili na nusu... Dashibodi inasema yake, inatusifia, lakini baba haamini chombo kinachojipima chenyewe, anaamini daftari, kilomita gawanya kwa lita, basi.

Na haibridi, gari letu hili la petroli na betri, ina tabia yake, hilo tulilijua tangu mwanzo, mjini ndiko inakong'ara, ukikanyaga breki betri inakula, ukisimama kwenye taa injini inalala, lakini barabara kuu hakuna breki, hakuna taa, injini inajibebea mzigo peke yake na hewa inaisukuma kifuani, ukipita mia na kumi inakunywa karibu sawa na gari lolote, kwa hiyo kumi na nane yangu ndiyo ya kawaida, ya ajabu ni ishirini na tano yake, na ni mimi niliyemwambia hivyo, umenishinda tena, baba, kila Jumanne jioni kwenye simu akinisomea kumi na nane yangu, naye anacheka kile kicheko cha puani, mguu, mwanangu, ni mguu tu... Kasi? Kasi niliiuliza, nisijitukane bure, ilikuwa ya kwanza kuuliza, nilimuuliza mama, baba anakwenda ngapi, akasema kama wewe tu, nikaamini, maana mtu huyu alikuwa akilikimbiza gari la ofisi mpaka karani wake anashuka miguu inamtetemeka, nikaikata kasi kwenye orodha. Lita nne. Baba amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma na kipimo chake cha upepo, anapapasa valvu ya kujazia upepo kwa kidole, na mhudumu anamtania, Mzee Mizani, hayo matairi si uliyapima Jumamosi, naye anajibu bila kuinua kichwa kwamba hata yeye mhudumu angempima kila siku kama angekuwa na valvu, na wanacheka wote wawili, na mama yuko nyuma na mto wake kama siku zote, viatu amevivua, nyayo zimevimba, alama ya mkanda wa kiatu imebaki kwenye ngozi kama kamba iliyofungwa kwenye donge la unga, zilikuwa hivi Jumamosi? Hapana. Jumamosi jioni nilipomshusha alivaa mwenyewe.

Nimelitoa daftari nisome safari iliyopita, lita sita, na kati ya kurasa kuna kadi ya kijani ya hospitali, baba ameifanya alama ya ukurasa, kadi ya mashine ya kusafishia damu, ambayo huwa haitoki kwenye mkoba wa mama, Jumamosi huikabidhi mwenyewe kwa muuguzi na kuipokea mwenyewe, na sasa iko mkononi mwangu, safu mbili, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, Jumamosi saa mbili na dakika thelathini na tano mpaka saa sita na dakika thelathini na tano, muda wa saa nne kamili kama daktari alivyoandika juu kwa wino mwekundu, Jumanne saa tatu na dakika ishirini mpaka saa sita na dakika thelathini na tano... nimerudi nyuma, Jumanne nyingine saa tatu na robo, nyingine saa tatu na nusu, mwisho haubadiliki, maana saa saba mashine ni ya mtu mwingine... kama dakika arobaini na tano pungufu. Kila Jumanne. Kilomita mia na thelathini kwa karibu saa mbili, hata mtoto wa kidato cha pili angekokotoa, sitini na tano, sabini, amejificha nyuma ya lori njia nzima, na kutoka mapema hawezi kwa sababu kituo hiki kinafunguliwa saa moja na kingine hatujazi, na sisi wawili na elimu yetu tumejaza daftari zima la kilomita na lita, hakuna aliyewahi kuchora safu ya saa.

Lita tisa. Nimeinua macho, mama ananitazama kupitia dirishani, ameteremsha kioo nusu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, uliniambia anakwenda kama mimi.

"Kuniendesha Jumanne ndicho kitu pekee anachonifanyia siku hizi kwa furaha," akasema. "Ningemnyang'anyaje?"

Nikasema, na miguu? Akasema miguu ni yake... Miguu ni yake, ndiyo, na namba ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyekuwa nikiipigia makofi kila Jumanne, kila kilomita moja ya ziada ilitoka kwenye damu yake na mimi nikisema umenishinda tena, baba, lita kumi na moja... na kwa nini anakwenda polepole? Macho? Ameinuka, amekuja karibu, anauliza inasoma ngapi na pampu iko hatua mbili mbele yake, lakini hiyo ni desturi yake ya kazi, tangu nikiwa mdogo, hasomi mwenyewe mpaka mtu wa pili asome, au ni hofu, malori yale yanavyopita kwenye daraja, au ni sifa zangu, au anataka tu akae naye saa mbili badala ya saa moja na kidogo, nani amemwambia mtu muda wa kukaa na mke wake mgonjwa, sijui, na nikimuuliza atanijibu ni mguu, mwanangu... Nimeamua. Nitamwomba mkuu wa shule anihamishie vipindi vya Jumanne, mafuta tutajaza jioni tukirudi, barabara kuu nitaendesha mimi, na ufunguo nauomba sasa hivi, kabla ya mlio, baba naomba ufunguo, baba leo nikupumzishe... baba, hebu... nageukia pampu, lita kumi na tatu, yeye anafuta kipimo chake kwa leso, taratibu, kama kitu cha dhahabu.

"Mzee wangu," mama akaita, kioo kikashuka chote, "leo kaa nyuma na mimi. Shingo hii inataka bega."

Baba akamtazama. Akanitazama mimi, akaitazama kadi mkononi mwangu.

"Shingo," akasema.

"Shingo. Na Jumanne zote, mpaka ipone."

Mpira ukalia. Baba akaniwekea ufunguo juu ya daftari, una joto la mfuko wake, akauliza tena ngapi, nikasema kumi na nne nukta nne, akasema andika, nikaandika, na pembeni nikachora mstari mmoja kwenda chini, safu ya saa, naye akaushika mlango wa nyuma, na mama akasogeza mto... mimi ndiye niliyeamua, ndiyo, lakini aliyetekeleza ni mama, kwa shingo isiyouma.