Kula Imeangukia Nyumba Yenu

Tangu simu ile ilipolia, chakula kilikuwa hakimpiti Mukunde kooni. Aliizungushia simu kipande cha kitenge, akaitumbukiza ndani ya chungu kilichopasuka nyuma ya mlango, akakifunika kwa ungo. Lakini mwenye hofu hutazamwa hata na kitu kilichofunikwa. Kila alipopita pale, mgongo ulimsisimka.

Ndani ya simu mlikuwa na pesa. Zilikuwa nyingi kuliko alizopata kuziona maishani, na zilikuja zenyewe, bila jasho, bila deni, bila jina la ndugu yeyote.

Mwanamke aliyepiga alijiita Cynthia. Alisema Kiswahili cha Kenya, cha mbio, kama mtu anayemwaga maharage juu ya bati. Mukunde alikuwa na Kiswahili cha soko la Kabuga tu, cha "bei iko ngapi" na "punguza kidogo", kwa hiyo mengi yalimpita. Hayo machache aliyoyadaka yalimtosha.

"Hongera, mama! Kula imeangukia nyumba yenu. Mtoto naye tumemhesabu. Pesa inaingia leo, na Alhamisi nakuja kumwona."

Mtoto mwenyewe ni Kaliza, wa miaka minne, mtoto wa pekee, mwenye kifua kibovu tangu kuzaliwa. Nyumba yao ilikaa mgongoni mwa kilima nyuma ya Kabuga. Vigae vyake vilikuwa vya enzi za babu na nusu vilikwisha kuvunjika. Mvua ikinyesha nje, ndani nako ilinyesha. Ukuta ulio karibu na kitanda ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Muuguzi wa kituo cha afya alikwisha kusema: "Dawa tunampa, lakini nyumba hii ndiyo inayomuua. Siku akizidiwa, usije kwangu. Mkimbize hospitali ya Kibagabaga."

Mumewe, Karangwa, alikuwa mjini, mtaa wa Gitega, akibeba magunia ya unga dukani kwa tajiri mmoja. Hakuwa na simu. Jumapili aliazima ya tajiri, akapiga, akauliza hali ya mtoto, akakata kabla mwenye simu hajanuna. Jumapili hiyo Mukunde alifungua mdomo amwambie, akaufumba. Aliona kwamba jambo likitamkwa huota miguu.

Mtu aliyezidi kumvuruga ni jirani yao Zephaniah, msafirisha ndizi kwa baiskeli. Alisimama njiani, akafuta jasho, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mama Kaliza, nasikia nawe zimekuingia."

"Nani kakwambia?"

"Kilima kizima kinajua. Mwenzangu ng'ambo ya bonde keshanunua mbuzi. Mimi sina bahati, labda sura yangu imewatisha." Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Ila cha bure kina meno, jirani. Mimi nikipewa mbuzi wa bure, nitamchungulia mdomoni kwanza."

"Meno gani, Zephaniah?"

"Sijui mimi! Leo wanakupa bati, kesho wanakuja: haya, yuko wapi yule mdogo wenu?" Akapanda baiskeli yake, akaondoka akipiga mluzi.

Kwake yeye ulikuwa utani wa mtu mwenye kijicho. Mukunde alirudi ndani akafunga mlango mchana kweupe. Alimwita Kaliza, akamkalisha mapajani, akampapasa vidole kimoja kimoja kana kwamba anahakikisha vyote vipo. Kwa nini wamhesabu mtoto wa mtu? Mwenye mbuzi ndiye huhesabu, naye huhesabu siku ya kuchinja.

Akakata shauri: pesa hazitaguswa. Asiyekula hadaiwi. Alhamisi mwanamke yule akifika, atakabidhiwa simu na vilivyomo, ashuke kilima kwa amani.

Jumatano mchana mvua ilishuka kwa hasira. Maji yalipita kwenye vigae kama hakuna paa. Mukunde alisogeza kitanda huku, akakisogeza kule, mwisho hapakuwa na pa kukisogezea. Kaliza akaanza kukohoa, kisha kikohozi kikakoma, na kukoma kwake kukawa kubaya zaidi. Kifua kilipiga filimbi. Ngozi katikati ya mbavu ilizama kwa kila pumzi, na midomo ikageuka rangi ya majivu.

"Mama," alinong'ona. Pumzi ya kusema neno la pili hakuwa nayo.

Mukunde alimfunga mgongoni akakimbia kwenye matope mpaka barabarani. Alimkuta Évode, kijana wa pikipiki, amejibanza chini ya upenu wa duka.

"Kibagabaga, Évode! Mtoto anakufa!"

"Twende. Petroli iko chini lakini, mama. Una kitu?"

Hakuwa na kitu. Alikuwa na chungu nyuma ya mlango.

Alirudi mbio, akaupiga ungo teke, akaifungua simu kwa vidole vilivyolowa. Ikamwomba namba ya siri. Namba ile aliichagua Karangwa mwenyewe siku walipoinunua simu: mwaka aliozaliwa Kaliza. Mukunde aliitazama skrini. Ili aile pesa, ilimbidi kwanza amtaje mtoto.

Mgongoni filimbi ilikuwa inafifia.

"Kama ni kumla," alisema kwa sauti, bila kujua anamwambia nani, "basi mtamla akiwa anapumua." Akabonyeza.

Hospitali walimpokea Kaliza mikononi, wakamvika kifaa cha plastiki puani na mdomoni, mashine ikaanza kumpulizia dawa. Mukunde alisimama ukutani akidondosha maji. Kila mtu mwenye koti jeupe aliyepita alimhofia. Mlango wowote uliofunguka, alidhani wamekuja kuchukua chao.

Jioni Karangwa akafika, unga ungali mabegani. Évode ndiye aliyempigia yule tajiri.

"Yuko wapi?"

"Yule pale. Anapumua." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Kaliza, nisamehe. Nimemuuza mtoto."

"Unasema nini wewe?"

Akamsimulia yote, kwa machozi na kwikwi. Karangwa alisikiliza, uso umemkauka. Mukunde alipofika kwenye maneno ya simu, mumewe alimshika mkono.

"Rudia. Neno kwa neno."

"Kula imeangukia nyumba yenu."

"Kula, au kura?"

"Si ndiyo hiyo! Kula."

"Sema rrr, kama pikipiki."

"Lll," alisema Mukunde huku akilia. "Unanichezea, na mtoto amelala pale?"

Karangwa alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili alikinyonya kwa majirani, pamoja na r ambayo ndimi za kilimani kwao huigeuza l. Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na Mukunde hakujua kama analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili.

"Kura, mke wangu. Majina hutiwa kwenye ndoo mbele ya watu, na safari hii limechomolewa letu. Siku watu walipokusanyika wewe ulikuwa wapi?"

"Kituoni, na Kaliza."

"Basi. Hakuna anayemla mtu."

Wakampigia Cynthia palepale. Alithibitisha: shirika lake husaidia nyumba maskini, kura ilipigwa hadharani, mtoto alihesabiwa ili wajue nyumba ina watu wangapi, pesa hazirudishwi. Aliomba radhi mara nyingi kwa ulimi wake wa mbio, akaahidi kuja mtoto akipona.

Mukunde alielewa. Lakini kuelewa ni kwa kichwa, na hofu yake ilikuwa imekaa tumboni.

Cynthia alipopanda kilima wiki chache baadaye, bati jipya lilikuwa limekwisha kupigwa, na ukuta wa kitandani umekauka. Karangwa alimpokea kwa vicheko: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Kaliza alichungulia nyuma ya sketi ya mama yake. Mgeni akachutama, akanyoosha mikono.

"Njoo, mrembo. Naweza kumbeba?"

Mukunde alimshika Kaliza bega.

"Dada, sema kwanza. Huyu mutoto iko ya nani?"

Cynthia aliacha kutabasamu. Safari hii alisema polepole. "Ni wako, mama."

"Sema tena."

"Ni wako."

Ndipo Mukunde akamwinua Kaliza, akampa. Mtoto akaanza kuchezea hereni za mgeni. Karangwa akaleta kigoda, akaanza kusimulia habari za fundi wa bati, na Cynthia akacheka. Mukunde alicheka nao, amesimama karibu kabisa, pindo la gauni la Kaliza limekamatwa mkononi mwake.