Goti la Kushoto la Malachy Dunphy

Alhamisi ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Malachy Dunphy alisimama jikoni kwake, pembezoni mwa uwanda wa Curragh, akaliambia birika la chai, "Bado."

"Tena," alisema mkewe, Dympna, huku akikata mkate.

"Bado."

"Unalisema kama mtu anayeomba msamaha. Liseme kama mtu anayefunga mlango."

"Bado," alisema Malachy, na safari hii hata paka aliinua kichwa.

"Hilo hapo. Nenda nalo hivyo hivyo. Usisimame kuongea na mtu njiani."

Kazi ya Malachy ilikuwa maneno mawili. Kila mwaka, kuanzia Januari, farasi wachanga wa zizi la Hanratty walipoanza kukimbizwa, yeye alisimama kando ya njia ya mazoezi akawatazama wakipita, kisha akainama na kuwapapasa miguu, kutoka gotini hadi kwenye ukwato, kwa kiganja kilichotoka kushika kikombe cha chai. Halafu alisema "tayari" au "bado". Aliyeambiwa tayari alipelekwa kwenye mbio za kwanza za mwaka, mwishoni mwa Machi, zile fupi za mita elfu moja. Aliyeambiwa bado alirudishwa malishoni mpaka mifupa yake imalize kukua. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, na katika kaunti nzima ya Kildare hapakuwa na kiganja kilichojua muundi wa farasi kuliko chake.

Katika mwaka wa ishirini wa kazi, alisema "tayari" juu ya farasi mwekundu ambaye alijua kabisa kwamba hayuko tayari. Mwenye farasi alikuwa amekuja na watoto wake, wote wamevaa kofia mpya, na Malachy hakupenda kuwavunja moyo. Alipogeuka kwenda nyumbani, katika hatua ya tatu, alianza kuchechemea mguu wa kulia. Kichwa kilipanda kila alipokanyaga mguu mbovu, kikashuka kila alipokanyaga ule mzima, kama kinavyofanya kichwa cha farasi aliyeumia. Dympna alimwona kupitia dirishani.

"Huyo ni yule mwekundu," alisema, akamvutia kiti.

Mwezi wa Juni yule mwekundu alianza kuchechemea vivyo hivyo, mguu uleule. Tangu hapo mambo yakawa hivyo. Kila "tayari" ya uongo ilikuja nyumbani na Malachy kwenye miguu yake, ikakaa mpaka farasi alipopona. Farasi asipopona, ilikaa. Daktari wa wanyama alifurahia jambo hilo. Aliacha kuwapiga farasi picha za eksirei, akawa anampiga Malachy, kwa kuwa Malachy alitulia na hakuhitaji sindano ya usingizi.

Watu wa mji nao walizoea. Machi ilipofika, wanaume walitoka nje ya duka la kubeti kumtazama akienda kununua gazeti.

"Malachy bwana, hebu vuka barabara kidogo, tukuone kwa ubavu!"

Alivuka. Uso ulimwaka kuanzia shingoni mpaka masikioni, lakini alivuka. Hakujua namna ya kumkatalia mtu, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake tangu mwanzo.

Mwaka huo kulikuwa na jike mmoja wa kijivu, mdogo wa umbo, ambaye watunzaji walimwita Grainin, yaani punje. Alizaliwa tarehe ishirini na tisa Mei. Lakini farasi wa mbio hawana siku za kuzaliwa. Wote huongezwa mwaka tarehe mosi Januari, wawe walizaliwa lini. Kwa hiyo kwenye karatasi Grainin alikuwa na miaka miwili, sawa na madume ya Februari yaliyosimama naye zizini yakiwa na vifua kama makabati. Kwa hesabu ya mama yake, alikuwa na miezi ishirini na miwili tu. Goti lake la mbele, la kushoto, lilikuwa laini kama mkate uliotolewa motoni kabla haujaiva.

Lakini alikimbia. Malachy hakuwahi kuona kitu kama kile. Mara tatu aliipima kasi yake kwa saa yake ya mfukoni, na mara tatu alirudisha saa mfukoni bila kumwonyesha mtu, kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na hakuwahi kumtoa mshindi wa mbio za kwanza za mwaka. Hilo hakumwambia hata Dympna.

Alipofika kwenye njia ya mazoezi, jalidi ya usiku ilikuwa bado haijayeyuka kwenye nyasi na kondoo walikuwa wamelala katikati ya uwanda kama kawaida yao. Fidelma Hanratty, aliyerithi zizi kutoka kwa baba yake, alikuwa amesimama na darubini shingoni. Pembeni yake alisimama mwenye Grainin, daktari wa meno kutoka Naas, mwenye viatu visivyofaa kwa umande. Oonagh Brophy, msichana aliyempanda Grainin kila siku tangu Oktoba, alimsogeza farasi karibu na Malachy, akainama.

"Umelala vizuri, Malachy?"

"Vizuri."

"Na neno unalo?"

"Ninalo."

"Usilimeze, basi. Akiteremka kilima anauweka ule mguu kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Wewe unajua, na mimi najua."

"Nimekwambia ninalo, binti."

Wakaenda. Farasi mzee alitangulia ili kumwonyesha njia, na Grainin alimfuata nyuma ya mkia mpaka walipofika kwenye vichaka vya maua ya manjano. Hapo Oonagh akalegeza hatamu. Grainin alimpita yule mzee kama vile mzee alikuwa amefungwa kwenye mti. Kondoo waliinuka. Malachy alibonyeza saa yake, akaitazama, akaitikisa, akaitazama tena.

Grainin alirudishwa akitoa mvuke mgongoni. Malachy aliinama, akaweka kiganja kwenye goti la kushoto. Lilikuwa na moto. Alikiacha kiganja pale muda mrefu, muda ambao ungetosha kusema neno lolote.

"Haya, Malachy," alisema Fidelma. "Tuambie."

"Ni mwepesi."

"Hilo hata kondoo wameliona. Yuko tayari?"

Daktari wa meno alitabasamu. Oonagh alimtazama Malachy kutoka juu ya tandiko, midomo yake ikitamka lile neno bila sauti. Neno lilikuwapo mdomoni mwa Malachy, zima kabisa. Ndipo akaisikia sauti yake mwenyewe, ile nzuri aliyoifanyia mazoezi jikoni.

"Tayari," alisema, kama mtu anayefunga mlango.

Aligeuka kuelekea nyumbani. Hatua ya kwanza ilikuwa nzima, na ya pili pia. Katika ya tatu goti la kushoto likashika moto na kichwa kikapanda.

"Upande gani huo?" aliuliza Fidelma.

"Kushoto, mbele."

"Goti au muundi?"

"Goti, bosi."

"Hebu tembea mpaka kwenye gari, halafu urudi. Polepole."

Malachy alitembea mpaka kwenye gari, akarudi. Daktari wa meno alijisogeza kumpisha. Fidelma alichuchumaa kidogo na kukunja jicho moja, kama afanyavyo anapotazama farasi mnadani.

"Ana mbio moja ndani yake," alisema.

"Moja," alisema Malachy.

"Moja inatosha. Jumapili, basi."

"Bosi, mrudishe malishoni," alisema Oonagh. "Mpaka Julai tu. Mguu si unauona?"

"Malachy kasema tayari. Si umemsikia?"

"Nimemsikia. Nimeisikia na miguu yake pia."

"Miguu haiandikishi farasi, Oonagh."

Oonagh alimgeuza Grainin. Alipompita Malachy alisema, bila kupaza sauti, "Miguu yako ina ukweli kuliko mdomo wako, Malachy Dunphy."

"Najua," alisema Malachy.

Dympna alimsikia kabla hajamwona. Kokoto za uani zililia kwa mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi. Aliweka birika motoni.

"Wa kijivu," alisema alipofungua mlango.

"Wa kijivu."

"Nami nilidhani umeufunga mlango vizuri."

"Niliufunga vizuri," alisema Malachy. "Niliufunga nikiwa upande usiofaa."

Jumapili ilikuwa ya nne ya Kwaresima, na kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Jarlath Keogh, mmoja wa wale wa duka la kubeti, ambaye hakuonekana kwenye misa tangu alipobatizwa mtoto wake wa mwisho, alikaa benchi la mbele na penseli sikioni. Wakati wa komunyo ulipofika Malachy alibaki ameketi.

"Inuka," alinong'ona Dympna. "Ukikaa ndiyo watasema zaidi."

Aliinuka. Njia ya katikati ya kanisa ilikuwa ndefu, na sakafu yake ya mawe haikuficha kitu. Alikwenda akipandisha na kushusha kichwa kila hatua. Bibi mmoja mgeni, aliyekuja kutoka Cork kumtembelea dada yake, alisema hajaona mtu mwenye unyenyekevu kama yule.

"Kushoto," Jarlath alimwambia jirani yake.

"Mpya au wa zamani?"

"Mbichi kabisa. Wa Alhamisi."

"Basi farasi mwenyewe bado hajachechemea. Leo anashinda."

"Leo anashinda. Baada ya leo usimguse hata kwa fimbo."

Padri aliinua hostia, akainama karibu na sikio la Malachy. "Kushoto, eti?"

"Kushoto, Padri."

"Mwili wa Kristo," alisema Padri.

"Amina," alisema Malachy, na akarudi njia ileile, huku mji mzima ukitazama.

Alasiri Grainin alishinda. Alitoka getini wa mwisho, akawa wa tatu katikati ya njia, na mita mia mbili za mwisho alizikimbia peke yake. Malachy alikuwa amesimama kwenye ngazi za jukwaa na chai katika kikombe cha karatasi. Kwa muda wa sekunde chache, kuanzia Grainin alipowapita wenzake mpaka alipovuka mstari, Malachy alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo aliyoionea aibu kuliko kitu kingine chochote, mpaka leo.

Grainin alipofika hatua ishirini baada ya mstari, goti la Malachy lilikatika. Aliketi kwenye ngazi bila kumwaga chai. Waliokuwa karibu walimtazama yeye kwanza, kisha wakageukia uwanjani, ambako Oonagh alikwisha kushuka na alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, ameushika mguu wa Grainin kwa mikono miwili. Daktari wa meno alipigwa picha na farasi wake. Picha hiyo ipo ukutani kwenye chumba chake cha kungojea wagonjwa. Ukiitazama vizuri utaona farasi amesimama kwa miguu mitatu.

Kesho yake daktari wa wanyama alimpiga Malachy eksirei. Mfupa mdogo wa goti ulikuwa vipande viwili.

"Hatakimbia tena," alisema daktari.

"Ataishi?"

"Ataishi. Atakula nyasi. Wewe nawe jihadhari na ngazi."

Grainin aliwekwa kwenye shamba la nyuma ya kanisa. Malachy alimpelekea karoti kila asubuhi, majira yote ya baridi, na karoti zilipoisha aliegemea ua na kumwambia, "Bado." Alilisema kwa upole, alilisema kwa ukali, alilisema katikati ya mvua. Grainin alisimamisha masikio akasikiliza. Dympna, nyumbani, hakukata mkate tena wakati wa mazoezi ya neno lile. Alikaa na kumtazama mdomo.

Januari, Fidelma alimwaga saruji kando ya njia ya mazoezi: kijia cha mita ishirini, kilichosawazishwa kama meza.

"Kokoto zinakutesa," alimwambia. "Na wenye farasi wanapenda kuona vizuri."

Alikuwa na nia njema, na Malachy alimshukuru.

Machi ilipofika tena, alisimama pale akiwa na kiganja kwenye mguu wa dume jeusi lililozaliwa tarehe thelathini na moja Mei. Oonagh alikuwa juu yake. Hakutamka neno kwa midomo safari hii. Alitazama masikio ya farasi wake. Wenye dume walikuwa wanandoa kutoka Dublin. Kifundo cha mguu kilikuwa na moto.

"Haya, Malachy," alisema Fidelma.

"Bado," alisema Malachy.

Alilisema kama mtu anayefunga mlango, na alikuwa upande unaofaa. Oonagh aliinua kichwa.

"Sawa," alisema Fidelma. "Tembea tuone."

Malachy alitembea kwenye saruji, akaenda na kurudi. Goti la kushoto lilipandisha kichwa na kukishusha, kama lilivyofanya mwaka mzima. Wanandoa kutoka Dublin walisogea karibu. Fidelma alichuchumaa, akakunja jicho.

"Huo wa kushoto ni wa zamani, ni wa yule wa kijivu," aliwaeleza. "Mpya hakuna. Mmeona? Hakuna kabisa. Dume lenu ni zima. Mwandikisheni Jumapili."

"Bosi, nimesema bado," alisema Malachy.

"Tumekusikia, Malachy," alisema Fidelma, akiwa bado anatazama miguu yake. "Asante. Umetembea vizuri sana."

"Nimekusikia mimi," alisema Oonagh. Kisha akaligeuza dume kuelekea zizini, kwa kuwa lilikuwa linapoa.

Malachy alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya kanisa. Grainin alimwona, akaja kando ya ua, na wakatembea sambamba mpaka mwisho wa shamba, mmoja huku na mmoja kule, vichwa vikipanda pamoja na kushuka pamoja. Gari lililopita lilipiga honi. Dereva alidhani wanasalimiana.

Jikoni, Dympna alisikiliza kokoto. Hakusikia mguu mpya.

"Umelisema," alisema.

"Nimelisema."

"Haya. Na?"

"Anakimbia Jumapili."

Dympna alivuta mkate. Akamkatia kipande.