Mkoromo wa Tharsisi na Nguruwe wa Melkiadi

Watu wa Makere hubishana juu ya kila kitu, lakini juu ya mkoromo wa mzee Tharsisi wote wana neno moja: haukuwa wa mtu mmoja. Ulianza kama gunia la mahindi linaloburutwa sakafuni, ukapanda kama lori linalotafuta gia kwenye mlima wa Manyovu, ukashuka kwa filimbi. Mwaka mmoja ulilegeza misumari ya bati la jikoni, na fundi akakataa kuipigilia upya mpaka mwenye nyumba aape kulala kwingine. Asiyeamini akamuulize huyo fundi, ingawa siku hizi amehama.

Tharsisi mwenyewe hakuwahi kuusikia, na mtu haoni haya kwa jambo asilolisikia. Kwa hiyo Winifrida, mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na minne, alipofunga kanga zake na kusema anakwenda Kibondo kwa binti yao Niyubahwe, mzee alishangaa kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Kwa ajili ya kukoroma tu?"

"Mwezi wa tatu huu silali, Baba Niyubahwe. Ukipona, niite."

"Kukoroma si ugonjwa. Marehemu baba alikoroma siku tunavuka kutoka Burundi, askari wakadhani ni mizinga, wakatupisha."

"Baba yako alifia usingizini," alisema Winifrida, akapanda bodaboda.

Wiki ya kwanza Tharsisi alijifanya yuko sawa. Ya pili alianza kutafuta dawa, kwa sababu nyumba ilikuwa imepoa na, kibaya zaidi, hapakuwa na mtu wa kumwambia "mzee, huo uongo". Masimulizi bila mbishi hayana chumvi. Aliweka kitunguu chini ya mto. Akafunga taya kwa kitambaa, fundo juu ya utosi. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti alfajiri alimwona amelala hivyo, akaanza kulia msiba mpaka maiti ikamuuliza anataka nini.

Ndipo Melkiadi, mwenye shamba la mahindi upande wa bondeni, alipokuja na shauri.

"Mzee, nguruwe pori wananimaliza. Nimepiga debe, nimewasha moto, nimeweka mbwa. Wameshazoea vyote. Nimekufikiria wewe."

"Nina miaka sitini na nane. Nikafukuze nguruwe?"

"Hapana. Ukalale tu."

Tharsisi akalala kwenye kibanda cha shambani, na ujira wake ulikuwa kibuyu cha urwagwa, ile pombe ya ndizi, kila jioni. Usiku wa kwanza nguruwe walitimka. Inasemekana wengine walionekana Manyovu wakivuka mpaka wa Burundi bila hata kubadilisha fedha. Mahindi yakapona. Watu wakaanza kumsalimia mzee kwa heshima mpya, "Mwakeye, mlinzi," naye kila jioni alishusha kibuyu chake, akanusa tumbaku yake, akalala chali, tumbo likitazama nyota. Mkoromo ulinenepa.

Akampigia Winifrida simu kwa fahari. Alidhani mke akisikia kazi hiyo atarudi mwenyewe.

"Unalalaje huko, chali?" mke aliuliza.

"Chali, kama mfalme."

"Na pombe unakunywa?"

"Kibuyu kimoja tu."

Simu ikakatwa.

Wiki ya nne, asubuhi, Melkiadi alikuja kibandani bila kucheka. Mistari mitatu ya mahindi ilikuwa imeliwa, tena ile iliyo karibu kabisa na kichwa cha mlinzi.

"Nimekoroma," Tharsisi alijitetea. "Koo lenyewe linauma."

"Umekoroma, mzee. Jana nilikaa juu ya kichuguu nikuone. Unanguruma, wao wanasimama pembeni. Halafu unanyamaza. Hata pumzi haisikiki. Wanaingia, wanakula. Mara unashtuka kama mtu aliyetolewa majini, unanguruma tena, wanatoka. Wameshajua ratiba yako."

"Nanyamaza kiasi gani?"

"Mara ya kwanza nilihesabu hadi ishirini na tano. Mara ya pili niliwaacha nguruwe wale mahindi, nikaanza kukuombea."

Tharsisi alicheka. Kisha kicheko kikamwishia njiani. Hakurudi nyumbani, alinyoosha moja kwa moja mpaka zahanati.

Ndayikunda, muuguzi wa pale, alimpima presha, akaitazama namba kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Tharsisi. Akamzungushia futi shingoni kama fundi cherehani.

"Mchana unasinzia, babu?"

"Kanisani tu."

"Na kwenye kiti changu hapa, mara mbili tangu uingie." Akaweka futi chini. "Sikiliza. Ukilala, nyama za koo zinalegea. Pombe inazilegeza zaidi. Tumbaku inavimbisha pua. Shingo nene inabana. Ukilala chali, ulimi unarudi nyuma na njia inafunga kabisa. Wako wanaokoroma na ni wazima. Lakini anayekata pumzi lazima apimwe, moyo wake unachoka. Nakuandikia uende hospitali Kasulu. Kuna mtu mwingine amewahi kukuona unakata pumzi?"

Tharsisi alitaka kusema hapana, ndipo akakumbuka ile miezi mitatu ya Winifrida ya kutolala. Nje ya zahanati alipiga simu Kibondo.

"Mama Niyubahwe. Ulikuwa unahesabu?"

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya vyombo vikioshwa, ikakoma.

"Thelathini," alisema Winifrida. "Siku moja arobaini. Kelele nilizizoea tangu unanioa, ni kama mvua kwenye bati. Ile ukinyamaza ndiyo imenishinda. Nakutikisa, unavuta, unanguruma, nami nabaki macho nangoja nyingine. Nikaogopa siku nitapitiwa, na asubuhi niwaambie nini watoto."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mara tatu. Ukanipa hadithi ya mizinga."

Tharsisi aliirudisha simu mfukoni, pamoja na hadithi ya mizinga.

Jioni hiyo alirudisha kibuyu kwa Melkiadi kikiwa kimejaa. Kopo la tumbaku alilitupa chooni, akajuta, lakini lilikuwa limeshafika chini. Akashona gunzi la mahindi mgongoni mwa shati la kulalia, ili akigeuka chali limchome. Lilimchoma usiku kucha.

Siku ya Kasulu alisimama barabarani kusubiri basi linalotoka Kibondo. Liliposimama, dirisha likafunguka na Winifrida akatoa kichwa.

"Panda. Nimekukalia kiti."

Hospitalini daktari aliuliza nani hulala na mgonjwa. Winifrida akasogea mbele na kueleza usiku mmoja mmoja. Tharsisi alipotaka kuongeza habari ya nguruwe wa Manyovu, mkewe alimwekea mkono gotini, akanyamaza. Walitoka na vidonge vya presha, amri ya kupunguza tumbo, na tarehe ya kurudi kwa vipimo vya koo.

Usiku ule Makere, mzee alilala ubavu, gunzi mgongoni. Alikoroma, ndiyo, lakini mkoromo wa mtu mmoja. Winifrida alihesabu mara chache, kisha hesabu ikampotea.

Kesho yake jua lilikuwa limepanda Melkiadi alipokuja kumbembeleza mlinzi wake arudi kazini. Alimkuta Tharsisi amekaa kizingitini na fimbo, akifukuza majogoo wasiwike.

"Mzee, mwakeye—"

"Taratibu," alinong'ona Tharsisi. "Kuna mtu ndani ana deni la usingizi wa miezi mitatu. Rudi jioni. Au kesho kutwa."