Chumba cha Ubavuni mwa Landrova

Kwa majuma matatu Bonaventure alilala na vidole vilivyochomwachomwa na sindano, na kwa majuma matatu mkewe Dorothée alivipaka mawese huku akimcheka. Alikuwa anashona chumba cha turubai cha safari. Kwanza Fundi Hamidi alijaribu kulishona turubai hilo kwa cherehani yake, sindano tatu zikavunjika, akalirudisha kwa heshima zote. Basi Bonaventure, fundi wa magari asiyejua kukata tamaa, akalishona kwa mkono, kwa uzi wa nyavu: paa, kuta tatu na mlango wa kuning'inia. Ukuta wa nne ulikuwa Landrova yenyewe. Alitoboa matundu kwenye ukingo wa paa la gari, akalishonea turubai humo humo, mishono mia mbili. Njiani linakunjwa juu. Mkifika linashushwa, mna chumba.

Mpango ulikuwa mzuri. Wangekwenda kulala ufukweni, kusini mwa Kalemie, Dorothée na watoto watatu chumbani, Bonaventure kwenye kiti cha mbele. Aliyesahauliwa katika mpango huo ni mama mkwe.

Mama Alphonsine, mama yake Dorothée, alikuwa ameteremka kutoka Kirungu kwa lori, baada ya miaka minne, na Jumanne angerudi milimani. Alikwisha kusema kwamba hatakuja tena: magoti yamechoka na barabara ni mbaya. Kila aliposema hivyo Dorothée alicheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia. Jumamosi asubuhi, gari linapakiwa, mama akatokea na kigoda chake.

"Na miye nakwenda. Sijalala kando ya ziwa tangu nizaliwe."

Nani angemkatalia? Akaketi nyuma kabisa, kitenge kichwani, akiangalia walikotoka, asije akaona hata kisogo cha mkwewe, kama mila ya wakwe inavyotaka. Bonaventure naye aling'oa kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, akaendesha kwa kuomba Mungu.

Alasiri chumba kikasimama, na kilipendeza kweli. Watoto waliingia na kutoka mlangoni mara hamsini. Dorothée alimwona mumewe amejishika kiuno, anameremeta, akampenda kama siku ya kwanza. Ndipo mama alipobeba kigoda chake, akaketi nje mbali, mgongo kwa gari.

"Dorothée, umwambie bwana yako, muntu na mukwe wake hawalalake chini ya paa moja."

Bonaventure alikuwa hatua kumi kutoka hapo na masikio yake mazima. Hata hivyo alisubiri Dorothée amfikie na kumwambia.

"Umwambie Mama, yeye atalala mu chumba, miye mu gari. Nitaweka na pazia."

"Umwambie, ile chumba imeshonwa ku gari. Gari na chumba njo nyumba moja. Pazia haikatake paa."

Dorothée alikwenda na kurudi mara nne kama barua. Wingu jeusi lilikuwa linapanda juu ya ziwa.

"Basi anirudishe mujini," mama akasema. "Sina hasira."

Hapo Dorothée akasimama katikati yao, uchovu umemfika shingoni. "Miye sibebi tena neno! Mama anakwenda Jumanne. Nilitaka kulala naye siku moja tu, watoto wangu wakiwa karibu. Siku moja!"

Bonaventure aliutazama mshono wake. Kisha akachukua kisu.

Alikata mishono yote mia mbili, mmoja mmoja, bila kunung'unika. Ukingo ulioachwa na gari akaufunga kwenye michikichi miwili, ukuta uliokosekana akautundikia mkeka na shuka yake mwenyewe. Halafu akawasha Landrova, akaisogeza hatua thelathini na kuzima.

Mvua ilianza wakati wanamaliza ugali wa bukari na samaki wa migebuka. Chumbani hapakuvuja. Mama aliwasimulia watoto juu ya baridi ya Kirungu, jinsi kuku wanavyogombea kulala jikoni, na Dorothée akajilaza ubavuni mwake kama msichana. Honi ikalia mara moja kutoka kwenye Landrova, kama kuwatakia usiku mwema. Mama akacheka mpaka kitenge kikamdondoka.

"Umwambie tumesikia," akasema.

Dorothée alipoamka, jua limetoka na turubai limekwisha kufunguliwa kwenye michikichi. Mama alikuwa amelikunja magotini, sindano na uzi wa nyavu mkononi. Kando yake kilikuwa kitenge chake cha buluu, kile cha kanisani, kimechanwa vipande vyembamba. Kwenye ukingo uliokatwa alikuwa ameshonea vitanzi vigumu, vimesokotwa vizuri, na alikuwa anamalizia cha ishirini.

"Umwambie mukwe wangu asishone tena. Apitishe kamba humu. Mukiwa peke yenu, aifunge ku gari. Mwaka kesho nikikuya, aifungue."

Dorothée akazivuka zile hatua thelathini. Bonaventure alikuwa ameegemea Landrova, macho yamemvimba kwa kulala kwenye kiti.

"Mama amesema nini?"

Alitaka kueleza habari ya vitanzi na kamba, lakini alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Amesema mwaka kesho."

Bonaventure akaingiza mkono dirishani, akapiga honi.