Nyumba Iliyogeukia Mukuru

Makokha alileta kazi ya ofisi nyumbani, na hapo ndipo akili zilipotuhama ploti nzima. Bwanangu huyu ni fundi wa vyombo vya ndege. Mwaka huo, tisini na sita, karakana yao ilikuwa inaunda mkebe wa kumwambia rubani amegeukia wapi. Ndani yake kuna uzi wa kioo, kilomita nzima, mwembamba kushinda unywele. Mwanga unatumwa kutoka ncha zote mbili. Mkebe ukigeuka, mwanga mmoja unachelewa. Basi. Hata mimi Nafula, mfumaji wa sweta, nilielewa.

Shida ilikuwa joto. Upande mmoja wa uzi ukipata moto kabla ya mwingine, mkebe unadanganya kwamba umegeuka. Bosi alimpa hadi Ijumaa aurekebishe, ama afungashe virago.

Makokha akauweka mezani, chini ya mabati yetu ya Makadara. Jua likiwaka, namba kwenye mkebe zinapanda. Kufika saa sita, kulingana na mkebe, nyumba ilikuwa imegeukia mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Majirani wakaamini, aki ya nani. Kawsar wa mlango wa pili alihamisha kamba ya nguo mara tatu. Kweyu, mlevi wetu, akasema sasa anajua kwa nini huingia nyumba za watu: si pombe, ni milango inahama.

"Baba Triza," nikamwambia Makokha, "anzia katikati ya uzi. Raundi moja ncha hii, raundi moja ncha ile, zilale pamoja. Mimi hufanya hivyo uzi ukiwa umefifia upande mmoja, ili mikono ya sweta ifanane. Joto likija litazipata zote mbili sawa."

"Hii si sweta, mama."

Nikarudi kwenye sweta yangu kwa hasira. Alhamisi nikamkuta analia, mwanaume mzima. Nikamtoa kwenye kiti, nikamshikisha ncha moja, nikauzungusha upya mwenyewe kutwa, kwa njia ya sweta.

Ijumaa bosi alikuja, akaketi chini ya mabati akitokwa na jasho hadi saa nane. Namba haikusonga. Kweyu alihuzunika sana.

"Nani amezungusha hii?"

"Mimi," akasema Makokha.

"Zungusha nyingine nikiona."

Uzi ukakatika. Wa pili pia ukakatika.

"Ni mke wangu," akasema, akiangalia sakafu.

Bosi akaniambia niende karakana Jumatatu, Makokha abaki nyumbani. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka kumzaba kofi. Nikajibu kwamba kazi hii ni ya mikono minne, na bila mtu wangu wa kushika ncha ya pili siendi popote.

Bosi akaandika: Nafula, fundi. Makokha, mshika uzi.

Kazi hakupoteza. Alikula ugali wake, halafu akaniuliza, kwa heshima kabisa, Jumatatu nataka aripoti saa ngapi.