Marahaba ya Mama

Tangu apasuliwe koo, mama yake Irine hakuwa na sauti. Kupika alipika, kulima alilima, lakini mtu akipiga hodi tu pale kwao Suji, huyoo, ametokomea jikoni. Mtoto wa watu akupe shikamoo, wewe umkodolee macho? Aibu gani hiyo! Na leo alasiri Kaleb, mchumba wa Irine, alikuwa anapanda na wazee wake kutoka Kwakoa kuja kuposa. Mama alishaonyesha kwa mikono: pokeeni ninyi, mimi sitoki.

Irine alikuwa na dawa yake. Jumbe za sauti alizotumiwa na mama miaka yote ya chuo hakufuta hata moja. Alizikata neno kwa neno, akaandika programu: mama abonyeze neno kwenye simu, sauti yake mwenyewe itoke. Kilichobaki ni kompyuta kuyageuza maandishi hayo yawe programu kamili ya simu, nayo ikagoma. Kila akijaribu, kompyuta inajibu kwamba maktaba ya sauti haijaonekana. Maktaba hiyo ni kazi ya watu wengine ambayo programu yake iliitegemea. Bila hiyo, hakuna neno litakalotoka.

"Haijaonekana vipi, na juzi nimeshuka mpaka Same kuipakua?" Irine akaifokea. "Una macho wewe?"

Wifi yake Careen, aliyeolewa hapo juzi juzi tu, alikuwa anahangaika kabatini kutafuta sukari ya chai ya wageni. Kafungua kopo hili, kafungua lile. Mama akacheka bila sauti, akamshika mkono, akamwonyesha: ndani ya debe la maharage. Nyumba ile kitu cha maana hufichwa pasipofikirika, na wenyewe wanajuana.

Irine akajipiga paji la uso. Kumbe na yeye ni mtoto wa mama yake! Maktaba ile aliiona ya thamani, akaificha ndani ya folda ya sauti za mama. Kompyuta maskini ilikuwa inapekua makabati ya kawaida kama Careen, haijaonyeshwa. Akaiandikia njia nzima, folda kwa folda. Bado ikang'ang'ania jibu lake la mwanzo ililokuwa imelihifadhi, akalifuta, akaanza upya. Imeonekana! Alitamani kuibusu.

Wageni walipoingia, mama alisimama mlangoni mwa jikoni, simu mkononi, mguu ndani mguu nje.

"Shikamoo mama," alisema Kaleb.

Irine roho juu. Kidole cha mama kikabonyeza.

"Marahaba mwanangu."

Irine machozi yakamtoka. Mwanangu ile aliambiwa yeye, miaka yote ile, na leo amepewa Kaleb.

Mama akabonyeza tena. "Umekula?"

"Bado, mama."

Wazee wakatazamana: mkwe, jikoni? Mama hata hakuwaangalia. Alimshika Kaleb mkono, akamwingiza ndani, akamwonyesha sukari inapokaa.