Beberu Aliyepewa Dada

Jicho alimbana kwa magoti beberu ambaye jirani alitaka kumnunua, akamfunua mdomo. Meno ya chini yalikutana sawasawa na ufizi wa juu. Akapapasa korodani: mbili, zimelingana. Akakagua kwato, akauliza kama mama yake alikuwa na maziwa. "Huyu mchukue," akasema, na jirani hakuuliza zaidi. Kwa mbuzi Jicho hakosei, na ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika.

Ila kwa dada yake alikosea makusudi. Dada, mjane mwenye majike sita na watoto wa kulisha, alikuja kuomba beberu wa mbegu. Jicho alikuwa nao wawili. Yule wa kifua kipana akambakiza zizini kwake. Choyo tu, hakuna jingine. Akampa yule wa taya fupi, aliyepona utotoni kwa kunyweshwa chupa. "Huyu atakufaa," alimwambia, na dada akamshukuru mpaka Jicho akaona haya.

Wanambuzi walizaliwa wote na taya la baba yao. Tena walikuwa wanasema. Jicho alipoingia zizini kwa dada, walijikongoja wakasimama. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu. Angejibu nini tena?

"Adabu wanayo," alisema dada, akikamulia maziwa kikombeni. "Kunyonya ndiko kunakowashinda, chuchu inawaponyoka. Nawanywesha kwa kijiko, lakini kaka, mikono yangu ni hii hii."

Kila Jicho alipokuja, wa kumsalimia walikuwa wamepungua. Moyo ulimsuta. Siku aliyoamua kusema ukweli alikuta amebaki mmoja, amelazwa juu ya gunia.

"Shikamoo, mjomba. Baba yetu ulimchagua wewe?"

"Mimi."

"Ulimfunua mdomo?"

Dada aliweka kijiko chini, akasikiliza.

"Nilimfunua."

"Ahsante, mjomba," akasema mwanambuzi, akafumba macho.

Dada alishusha pumzi. "Kumbe! Kama ulimkagua, basi kosa ni la majike wangu. Nami siku zote hizi nakudhania vibaya! Nisamehe, kaka. Nitawaondoa wote, nianze upya."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, na Jicho alijua. Akawatazama majike: wazima, miguu imenyooka, viwele vimejaa. Hakuona kasoro hata moja.

"Tuanze na yule mweusi," akasema, akaenda kuleta kamba.